Punje ya Shingoni

Mwaka wa saba huu nakoboa mpunga Chekereni,
pumba zinaingia hadi kwenye chai.
Nikianza kukohoa, Kiwelu hukimbilia kuzima mashine
akidhani mkanda umekatika.

Jana, zahanati ya Mabogini,
tabibu Nakijwa aligeuza risiti yangu ya dizeli
akachora mshipa wa shingo, pale unapogawanyika panda.
"Hapa pana kitu kidogo kama punje ya mchele.
Kazi yake kuonja damu: hewa imo, haimo?"

Nikacheka. Punje!
Magunia yote niliyoshona midomo,
kumbe moja ilibaki kwangu.

Akasema yangu ina ulimi mwepesi mno.
Vumbi likigusa pafu, mwili unawaka,
ukali ule unapanda na damu hadi kwenye panda,
nayo inalia njaa sahani ikiwa imejaa.
Inapiga mbiu. Kifua kinasikia,
kinafunga milango kwa hofu,
na hewa iliyokuwa inatafutwa
inabaki nje.

Sasa ni saa tisa usiku. Mlima umejifunika.
Nimekaa, mgongo ukutani, pampu mkononi,
feni ya jirani inasaga giza.
Naweka vidole viwili chini ya taya,
mshipa unadunda.
Tulia, naiambia,
kama ninavyomwambia Aikande akiota vibaya,
wali upo.
Onja tena.
Usimeze kwanza, onja.