Nyuzi Kumi na Mbili

Alianza na sufu.
Alifumua mkono wa sweta niliyokuwa sijaimaliza,
akakata vipande vya urefu wa kidole,
akavibandika kwa utepe mwili mzima wa pikapu:
juu ya kebini, ubavuni, kwenye mlango wa nyuma.
"Delmira, azima gari la Visser, unifuate.
Tazama nyuzi zinalala wapi, zinacheza wapi."

Nikamfuata barabara ya Comodoro,
upepo wa magharibi ukitusukuma mgongoni kama mdai.
Juu ya kebini nyuzi zilitulia, zimechanika vizuri
kama nywele za mtoto siku ya kupigwa picha.
Ila nyuma, ndani ya bodi tupu, jamani!
Zilikuwa zinapigana. Zinazunguka, zinarudi mbele,
zinasokotana, zinanyongana.
"Hapo," alisema tuliposimama, "ndipo zinapozama peso zetu."

Kilomita mia na hamsini kwenda, na kurudi vilevile,
kila Ijumaa, na cheri, na jibini, na mayai ya bata.
Lita kumi na nne kwa kila kilomita mia.
Mwezi ukiisha, faida imetokea kwenye ekzosi,
sisi tumebaki na harufu.

Basi akajenga.
Plaiwudi ilikuwa bango la uchaguzi.
Mgombea alishindwa; uso wake sasa umelala kifudifudi
ukiyachekea mayai yangu.
Mpira wa mkanda chakavu kutoka visima vya mafuta
akauning'iniza chini ya bampa, ukawa ndevu.
Vibati vyangu vinne vya kuokea keki
akavifunga kwenye magurudumu.
Nikamuuliza, keki ya Krismasi nitaiokea wapi?
"Kwenye akiba," akasema, ribiti mdomoni.

Watoto wa Sarmiento waliiita kakakuona.
Visser alizunguka mara moja, akavua kofia,
akauliza mazishi ni lini.

Kifuniko cha kwanza kiliruka.
Nilikiona kwenye kioo kikipaa kama mlango usio na nyumba.
Tulikikuta kwenye uzio wa watu, kimeegemea waya,
na kondoo wawili wamejibanza nyuma yake,
manyoya yao hayatikisiki hata unywele.
Evaristo hakutukana. Alipiga magoti kwenye changarawe
akapima mshazari wa ubao kwa ile pembe yake ya shule.
"Nyuzi kumi na mbili," akasema.
Nikadhani anadai sufu tena.

Cha pili kina mteremko huo wa kondoo.
Hakijaruka.

Daftari nalishika mimi.
Kumi na nne. Kumi na tatu na robo.
Kumi na mbili. Juzi, kumi na moja na nusu.
Yeye huzisoma namba hizo kwa sauti ndogo, kama rozari.

Kuna jambo sijamwambia.
Zamani alikuwa akikanyaga mia na kumi.
Sasa vibati vinalia ukipita tisini,
kwa hiyo tunakwenda themanini,
malori ya mabomba yanatupita, yanatupigia honi.
Nimepiga hesabu usiku, kwa penseli, mara mbili:
nusu ya akiba ni plaiwudi.
Nusu ni kisigino.

Nimwambie ya nini?
Kwenye themanini injini haigunii, mtu anasikika.
Ijumaa iliyopita alinisimulia habari ya kaka yake,
ile ambayo kwa miaka thelathini na moja
nilikuwa naijua kipande tu,
akaimaliza kabla hatujaiona bahari.

Kurudi ni habari nyingine.
Upepo unakaa usoni, hauna huruma na fundi.
Kurasa za kurudi zimegandana kwa jibini,
nami sijazibandua.

Sweta ameivaa hivyo hivyo, na mkono mmoja,
ule wa upande wa dirisha.