Bilauri Mbili Bafuni

Łódź, Februari

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa.
Wangu sasa unao:
kijiti cha titani, milimita kumi na nane,
kirefu makusudi, kuuachia uvimbe nafasi.
Wit alivaa glavu nyeusi,
akaushika ulimi kwa koleo kama mtu anayechagua samaki,
akasema, toa pumzi.
Pumzi haijaisha, kazi imekwisha.
Sikulia. Machozi yalikuja yenyewe.

Siku ya tatu ulimi ulijaa kinywa
kama mgeni aliyekuja na mizigo yote.
Nami nauza tiketi stesheni, dirisha la nne.
Jaribu wewe kutamka Bydgoszcz
ukiwa na andazi zima mdomoni.
Mzee mmoja alitaka kwenda Szczecin;
nikamwandikia bei kwenye karatasi.
Akanipa pole ya kiharusi.

Basi nikazishika sheria.
Nawa mikono kabla ya kugusa. Kisha usiguse.
Robo kijiko cha chumvi, kikombe cha maji
yaliyochemka yakapoa,
sukutua sekunde thelathini, tema,
kila baada ya mlo, na kabla ya kulala.
Mswaki mpya, laini kama wa mtoto.
Barafu inyonywe, isitafunwe.
Pilipili hapana, bia hapana, sigara hapana.
Busu hapana: Radek akaguna,
akahesabu siku kwa vidole, vikamwishia.
Na ute mweupe ukitoka usiogope,
si usaha, ni mwili unajisafishia njia.

Mama hasemi nami.
Muuguzi, miaka ishirini na sita,
ameona vidonda vya watu ambao hawakuvinunua.
Ndivyo alivyosema, mara moja, mlangoni,
akavaa koti.
Nilikuwa na jibu. Jibu zuri, lenye ncha.
Lilifika kwenye uvimbe likakwama,
nikalimeza na mate ya damu.

Imebaki Bibi Leokadia.
Tunakula sahani moja siku hizi,
uji wa semolina, viazi vya kupondwa, jeli ya cheri,
yeye kwa kukosa meno,
mimi kwa kuzidisha chuma.
Bafuni, juu ya rafu, bilauri mbili:
ya meno yake, na ya maji yangu ya chumvi.
Usiku wa nane alikosea gizani, akanywa.
Nikasikia anatema, anafoka,
"Nani kaniletea Baltiki nzima humu?"
Nikacheka. Kosa.
Kucheka kunauma mpaka sikioni.

Akawasha taa, akataka kuona.
Tochi, miwani juu ya miwani.
Nikautoa ulimi, akaukagua kama fundi saa.
"Kimetokea na chini?"
"Mm."
"Na ulilipa?"
"Mm."
"Mimi meno yangu niling'olewa bure," akasema,
akaizimisha tochi.

Wiki ya tatu Wit amenitilia kijiti kifupi.
Szczecin imerudi, karibu yote,
ina filimbi ndogo tu katikati.
Nimepata tabia mbaya
ya kugonga kigololi kwenye meno,
tik, tik, nikiwaza.
Bibi husikia kupitia ukutani,
naye hugonga kwa fimbo, mara mbili.
Maana yake: acha, yataishia bilaurini.

Jana nilirudi alfajiri kutoka zamu.
Bilauri yangu ilikuwa imefunikwa kisahani,
maji vuguvugu bado,
chumvi imeyeyuka yote, hakuna chembe chini.
Bibi hawezi kupima robo kijiko;
mikono yake hutetemeka, angemwaga nusu pakiti.
Nikasukutua. Nikahesabu hadi thelathini. Nikatema.
Mlangoni, koti la Mama
lilikuwa bado na theluji mabegani.
Nikalipangusa.