Tulimwita Mwenye Adabu

Karani aliuliza bila kuinua kichwa:
umri wa mtoto alipogundulika?
Nikahesabu kwa vidole vyenye madoa ya zabibu.
Tisa, nikasema. Na miezi minne.
Akaandika tisa.
Ile minne haikuenea kwenye kisanduku,
nikarudi nayo Hombolo
imenikalia mapajani.

Kadi yake ya kliniki ninayo bado,
nimeifunga ndani ya mfuko wa chumvi.
Kilo zake zilipanda njia ya kijani bila kuteleza,
chanjo zote, muhuri juu ya muhuri,
na nesi kila mwezi: hongera, Mama Seche, mtoto ana afya.
Ilikuwa kweli. Alikuwa nayo.
Mzani hauulizi
kama mtoto akiitwa hugeuka.

Nyemo wa jirani, yeye alivunja vyungu.
Alikimbia uchi hadi bwawani,
akapanda juu ya bati la zahanati akapiga mayowe
hata mwenyekiti akaitisha kikao.
Hajafikisha miaka minne, wakampeleka mjini,
wakarudi na jina la kile alicho nacho.
Tulimwonea huruma mama yake!

Wa kwangu alikaa kivulini
akipanga mbegu za zabibu, moja, moja,
moja,
na ukiisogeza moja
machozi yanamtoka bila sauti, anaanza upya.
Wageni wakasema: huyu binti mmemlea.
Nikaipokea sifa kwa mikono miwili
kama anayepewa kuku.
Angekuwa mvulana, nani angesifu ukimya ule?

Mama mkwe akikoroga mlenda:
baba yake naye alisema mwaka wa nne,
na leo nani anaweza kumnyamazisha?
Tukacheka.
Tulicheka mwaka mzima.

Ndiye alikuwa wa kwanza kutoka tumboni mwangu.
Sikuwa na mwingine wa kumpima naye,
nilidhani watoto wote
huitazama feni ya kanisani kuliko uso wa mama.

Mwaka wa tano tukapima masikio. Masikio mazima.
Rudini baada ya miezi mitatu, wakatuambia,
ila miezi mitatu kwetu ni msimu,
na msimu ule uwele ulikaukia shambani,
nauli ikawa sawa na debe la mtama.
Tuliporudi, daktari yule alikwishahamishwa
na faili letu hakuna aliyejua liliko.
Kisha shemeji akataja Mirembe, kwa sauti ya chini,
akitazama mlango.
Neno hilo peke yake
lilikula mwaka wangu mwingine.

Mwalimu Malogo wa darasa la tatu ndiye aliyekuja nyumbani,
baiskeli yake imejaa vumbi jekundu.
Hakukaa hata kwenye kigoda.
Mama, alisema, Seche anasoma kila kitu,
anasoma hata mfuko wa saruji,
lakini hajawahi kuniambia anataka kwenda chooni.
Mimi ndiye niliyekaa chini.

Daktari wa safari hii alikuwa binti mdogo.
Alivua viatu, akakaa sakafuni na Seche saa nzima,
akaziangalia zile mbegu, hakugusa hata moja.
Usonji, akasema.
Hakusema pole.
Nilingoja neno linipige,
likatua tu, kama mtu aliyechoka kugonga
akakuta mlango haukuwa umefungwa.

Mdogo wake sasa ana miezi kumi na sita.
Namwita akiwa amenipa mgongo.
Namwita tena.
Jana aligeuka, leo sijui, kesho nitamwita,
na safari hii sitaisubiri mvua.

Usiku nimeitoa ile kadi kwenye mfuko wa chumvi.
Kando ya njia ya kijani, kwa kalamu ya mwalimu,
nimeandika: miaka tisa na miezi minne.
Seche akaja, akasoma kwa sauti, mara mbili,
kidole chake juu ya wino.
Hakunitazama.
Na siku kumi na moja, akasema.