Dumu la Kumi

Kimara, maji hupanda kilima kama shangazi mwenye magoti mabovu:
bondeni hubisha hodi, juu hutuma salamu.

Niliambiwa nipime: je, mtaa wa juu
hungoja kuliko mtaa wa chini?
Kaya kumi, tano kwa tano, na swali moja:
mara ya mwisho mlikaa siku ngapi bila tone?

Chini: moja, mbili, mbili, tatu, tano.
Juu: mbili, nne, sita, saba,
na Bi Mwamvita Pazi, arobaini na moja.
Alizihesabu kwa mkaa ukutani, nyuma ya pipa,
mistari imebanana kama meno ya kitana.

Nikatafuta wastani. Ukanidanganya mchana kweupe:
wa juu ukasema kumi na mbili,
na siku kumi na mbili
hakuna nyumba hata moja iliyozingoja.

"Weka kando," akasema Rweyongeza, ofisini Ubungo,
feni ikimpeperushia karatasi. "Wapange foleni."

Foleni naijua. Nimekulia humo.
Alfajiri watu hawasimami, madumu ndiyo husimama;
mwenyewe yuko jikoni anachoma vitumbua,
dumu linamshikia zamu, kifuniko kimefungwa kwa kamba.
Dumu halisemi bwana wake ana kiu kiasi gani.
Linasema tu: niko nyuma ya huyu, mbele ya yule.

Basi nikapanga. Manjano ya chini, bluu ya juu, mstari mmoja,
kuanzia aliyengoja kidogo.
Wa siku mbili walikuwa watatu,
wakagombea nafasi ya pili, ya tatu, ya nne;
nikawapatanisha: nyote ni wa tatu, msisukumane.
Rangi zingechanganyika kama mchele na choroko
ningesema mitaa hii ni ndugu.
Manjano yakasogea mbele, jumla kumi na tisa.
Bluu yakarundikana nyuma, thelathini na sita.

Na arobaini na moja?
Ikawa kumi.
Hatua moja nyuma ya saba, kama jirani wa ukuta mmoja.
Angengoja nane, angekuwa wa kumi.
Angengoja mwaka, wa kumi.
Ndivyo kipimo hiki kinavyotenda haki:
mmoja hawezi kuwaburuta wote.
Nilijua ni haki. Mkono ukawa mzito.

Rweyongeza akakokotoa: ukizigawa rangi kwa kura tu,
njia ni mia mbili hamsini na mbili;
ishirini na mbili kati yake hutengana hivi, au zaidi.
"Bahati inaweza kufanya haya. Haijatosha kusema.
Ongeza kaya."
Ongeza wenye kiu, yaani.

Nikapanda tena kilima.
"Mimi nilitoka wa ngapi?" akauliza Bi Mwamvita.
"Wa kumi."
"Kati ya wangapi?"
"Kumi."
Akacheka mpaka akaegemea pipa; pipa, tupu, likamwitikia.
"Hilo, mwanangu, nilikuwa nalijua bila kalamu."

Fomu ina pambizo nyembamba upande wa kushoto.
Nimeandika pale, kwa wino wa ofisi:
arobaini na moja, mkaa, nyuma ya pipa.
Hesabu haisomi pambizo.

Kaya ya kumi na moja ina geti la bati.
Hodi.