Saba za Zamani, Moja Mpya

Kihisi nilikifunga juu ya tangi, Kibokoni,
kwenye paa la mamangu, Bi Mwanamkuu,
siku ya tatu tangu mfereji ukauke.
Kikaanza: sitini na mbili. Sabini. Hamsini na tisa.
Themanini na moja.
Maji yenyewe yametulia kama uso wa sinia.

Pampu ya kisimani ikasadiki kila neno:
ikawaka, ikazima, ikawaka,
mpaka Shee wa ghorofa ya chini akauliza
kama tumefuga jini mwenye kwikwi.

Mchuzi hauhukumiwi kwa kijiko kimoja.
Nikafungua kompyuta juu ya gunia la mchele,
nikaandika mstari mmoja tu:
la zamani zidisha mara saba,
ongeza lililofika sasa,
gawa kwa nane.
Jawabu ndilo la zamani la duru ijayo.
Hakuna orodha ya kutunza;
namba moja imebeba zote zilizopita,
kila moja yafifia, hakuna iagayo.

Nilisahau jambo: nilianzia sifuri.
Tangi limefika nusu, programu yaapa ni kavu,
yapanda polepole,
kama mgonjwa anayejifunza upya kutembea.
Nikaipa kipimo cha kwanza kiwe ndiyo jana yake.

Kisha tamaa.
Nane nikaifanya sitini na nne.
Mstari ukanyooka kwenye kioo, umepigwa rula,
nikaupiga picha.
Huko juu maji yalishafika mdomoni,
yakashuka ukutani, yakaziramba kanga za mke wa Shee
zilizokuwa zimekaribia kukauka,
na programu ingali yasema: bado, bado kidogo.
"Zima! Maji yamwaika!"

Nikairudisha nane.
Mtetemo mdogo ukabaki. Nikauacha.
Utulivu nao hukopesha,
na riba yake ni kuchelewa.

Usiku mama akanimiminia chai,
akatia sukari vijiko vinne, akakoroga,
kama nilivyopenda nikiwa darasa la sita.
Nikamwambia: mama, miaka mitatu sasa
nanywa bila sukari.
Akanitazama kwa muda, kijiko mkononi,
kama asomaye namba asiyoiamini.

Nikanywa yote.
Kesho, kwa hesabu yangu,
vitakuwa vitatu na nusu.