Namba ya Kiatu

Alinyanyua viganja viwili mbele yangu,
nafasi ya nusu mche wa sabuni kati yao.
"Mguu wake uko hivi," akasema Ambakisye,
kisha akavisogeza kidogo, akavirudisha.
Alifungwa viazi vikiwa maua.
Tangu hapo vimevunwa mara sita.

Wengine waliomba sukari, madaftari ya shule,
mmoja aliomba tumwambie mkewe asiuze ng'ombe.
Yeye aliomba viatu vya Krismasi,
na hakujua namba.

Kamati yetu ya akina mama si tajiri.
Tunauza maandazi baada ya ibada ya pili,
na kila Novemba mzee mmoja wa kanisa husimama kuuliza
kwa nini mchele uende kwa wezi
na wajane wapo.
Mimi ni mjane. Nikamwambia, mzee, mimi nimeshiba.
Haikuwa kweli yote, lakini aliketi.

Nikapanda hadi Isongole, ukungu umelala barabarani
kama ng'ombe asiyeogopa gari.
Mama wa mtoto akanivuta jikoni kabla sijasalimia.
"Kwa watu wa hapa, yuko Chunya," akaninong'oneza. "Machimboni.
Ukisema vingine, kesho sitateka maji bombani."
Nimebatizwa tangu nikiwa mchanga.
Nikaitikia kwa kichwa.

Subilaga akavua kandambili, akakanyaga karatasi.
Mguu wa baridi, udongo kwenye kucha,
kidole cha mwisho kimemlalia jirani yake.
Nikazungusha penseli taratibu, kisigino, ubavu wa unyayo,
naye akainamia kichwa changu:
"Bibi, huko Chunya
wanafunga milango saa ngapi?"

Penseli ikasimama.
Jikoni, mwiko nao ukanyamaza.
"Mapema," nikasema. "Jua bado lipo."
"Halali peke yake?"
"Hapana. Wako wengi."
Akahamisha uzito, akanipa mguu wa pili.

Mama yake akanijazia viazi kwenye mfuko.
"Ndaga," akasema, bila kunitazama.

Langoni, siku ya sikukuu, walikata sabuni vipande,
wakachoma mikate kwa kijiti, wakachekecha sukari.
Wamefundishwa hivyo, nasi tumezoea.
Afande akaikunjua karatasi, akaiinua kwenye mwanga,
akaigeuza.
"Hii nini?"
"Mguu, afande."
"Wa nani?"
"Wa mtu aliye nje."
Akaitazama muda mrefu kuliko alivyotazama sabuni.
Akaikunja kwa mikunjo ileile niliyoikunja mimi.

Kwaya ilikwisha kuimba, wali umepoa.
Mhubiri wetu alikuwa na homa, akahubiri kifupi,
Bwana anisamehe, hajawahi kuhubiri vizuri vile.
Ambakisye akatandaza karatasi juu ya paja.
"Umekosea nyumba," akasema. "Huu si wake."
Nikangoja.
Akaufuata mstari kwa ncha ya kidole, polepole,
hadi pale kidole kidogo kilipompanda mwenzake,
akakwama hapo.
"Cha mama yangu," akasema. "Ndicho hiki."
Akalaza mkono wake mzima juu ya unyayo.
Kisigino kilitokeza chini, hakikufunikika.

Usiku, nyumbani, nikafungua daftari la kamati.
Subilaga: thelathini na mbili, vyeusi, vya mkanda. Vimelipwa.
Baba: bado miaka minne.
Nikaacha mistari minne mitupu
chini ya jina lake.