Upatanisho

Binti yangu Wafaa anahamia Oulu mwezi wa tatu.
Mumewe kapata kazi ya minara ya simu,
nami kila baada ya isha, hapa Al-Hail,
namshikia daftari kama nilivyomshikia Juzuu Amma.

Nyumba, talo. Kubwa, iso.
Ndani ya nyumba kubwa: isossa talossa.
"Mama, jina na sifa yake wamevaa sare!"
Anacheka, mikono imejaa unga wa mkate wa ufuta.

Mimi sishangai.
Kwetu jina likivaa kofia, sifa nayo huvaa:
kitabu kikubwa, vitabu vikubwa,
hakuna anayetoka kichwa wazi.
Hawa sare yao iko miguuni, basi.
Labda baridi yao huanzia huko.

Ukiwa ndani, -ssa. Ukiwa hapo tu, -lla.
Nikamwambia: nyumbani mwangu, nyumbani pangu.
Ushajua zamani, ulikuwa hujui kuwa unajua.

Mwaka sabini na nne, darasani Matrah,
nina miaka tisa, miezi minne tangu Wete,
na Kiarabu changu chote ni cha chuoni.
Niliandika madrasa kabir.
Abla Ibtihaj akachora duara jekundu:
shule ni mwanamke,
na ukubwa wake sharti uwe wa kike.
Darasa zima likacheka. Zinjibariyya!

Tangu siku ile nikapatanisha kila kitu:
shela, salamu, namna ya kutikisa finjani
kusema kahawa yatosha.
Hata kicheko nilikipunguza kikalingana na chao.

Leo Wafaa kafika chini ya ukurasa, akasita.
Kuna neno pikku. Maana yake -dogo.
Pikku talo. Pikku talossa.
Nyumba imevaa kiatu,
lenyewe linaingia peku.
"Kosa la chapa hili, Mama?"

Nikakumbuka safi.
Kitabu safi, maji safi, mikeka safi:
neno lililotoka huku likaenda kule,
likakaa karne ngapi sijui,
na hakuna aliyelivisha kofia.
Wala hakuna aliyelicheka.

"Si kosa," nikasema. "Mengine huachwa hivyo."
Nikampokonya kalamu, nikalizungushia duara.
La buluu.
Mkate ulikuwa unaungua upande mmoja.